Habari za Wakati wa Uchaguzi na Fadhila za Baada Yake

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu masikio, macho na moyo, kisha akamjulisha kwamba ataulizwa juu ya vyote vitatu. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na kwamba Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu mlio mbele yetu hapa Turwa, nanyi wasikilizaji mlioko Tarime mjini, Sirari, Nyamongo, Mugumu na po pote inapofika sauti hii, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Kumcha Mungu si katika sala na saumu peke yake. Kumo katika biashara, katika ndoa, katika ushahidi, na kumo vile vile katika kura tunayoitia sandukuni na habari tunayoichukua kutoka mdomo huu na kuipeleka katika sikio lile.

Maneno yetu ya leo yanahusu jambo ambalo husemwa mno kila uchaguzi unapopita. Watu husema: Fulani ameshinda kwa sababu magazeti yalimbeba. Kisha haipiti miezi mingi, mwandishi aliyekuwa akimsifu anateuliwa katika cheo, au tajiri mwenye redio anapata zabuni, na watu hutazamana wakasema: Mmeona? Amelipwa fadhila yake. Wako wanaosema hivyo na ushahidi wanao, na wako wanaosema hivyo na hawana lo lote ila uchungu wa kushindwa. Sheria ya Mwenyezi Mungu ina neno kwa wote hao: kwa aliyeandika, kwa aliyelipa, kwa aliyepokea, na kwa anayetuhumu. Hakuna kati yetu aliye nje ya hao wanne.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu,

Wazee wetu wanaukumbuka wakati ambapo nchi nzima ilisikiliza redio moja. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya Uhuru ikawa Redio Tanzania, na mtu wa Tarime na mtu wa Mtwara walipata habari ile ile kwa saa ile ile. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, na sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikawaruhusu watu binafsi kufungua stesheni, hali ikageuka. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 1995 ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu Muungano, na mgombea mmoja akaweza kusifiwa katika gazeti hili na kubezwa katika gazeti lile siku moja. Sisi wa mpakani tuliongezewa jingine, kwa kuwa aliyeko Sirari anazinasa redio za Kenya kwa wepesi kama anavyozinasa za kwao. Na leo simu iliyomo mfukoni imekuwa gazeti, redio na televisheni kwa pamoja, na kila mwenye nayo amekuwa mhariri bila ya kusomea kazi hiyo wala kuulizwa na mtu.

Hatusemi kwamba jambo hilo ni ovu kwa asili yake. Mwandishi anayefichua mali ya yatima iliyoliwa, au fedha za zahanati zilizopotea njiani, anafanya kazi ya kuamrisha mema na kukataza maovu, na ujira wake uko kwa Mola wake. Raia asiyepata habari anachagua kama anayenunua ng'ombe usiku. Tunachosema ni kwamba ulimi uliokuzwa na mitambo unabaki ni ulimi, na kalamu inayosomwa na watu elfu itaulizwa mara elfu.

Hata kabla ya magazeti Waarabu walikuwa na vyombo vyao vya habari, navyo vilikuwa ni washairi. Kabila lilipompata mshairi hodari lilifanya sherehe, kwa sababu ubeti wake mmoja uliweza kumpandisha mtu au kumshusha, na ukasafiri na misafara mpaka nchi za mbali. Wafalme waliwapa washairi dhahabu ili wasifiwe, na wengine waliwapa dhahabu ili wasitukanwe. Qurani Tukufu, mwishoni mwa Suratush Shuaraa, imewakemea wale wanaotangatanga katika kila bonde la maneno na kusema wasiyoyatenda, kisha ikawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Basi haikuharamishwa kalamu. Kilichokatazwa ni kalamu isiyo na mwenyewe, inayomwendea kila mwenye mfuko.

Na mfano mkubwa kuliko yote wa habari ya uongo ulitokea Madina yenyewe. Mtume (S.A.W.) alikuwa akirejea kutoka katika vita vya Banul Mustaliq, na mkewe, Bibi Aisha (R.A.), aliachwa nyuma na msafara alipokwenda kuutafuta mkufu wake. Akaletwa na sahaba mwema aliyemkuta njiani. Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, akaitengeneza kashfa kutokana na jambo hilo. Yeye alikuwa na haja yake: alikaribia kuvishwa taji na watu wa Madina kabla ya Mtume kuhamia huko, na chuki ya cheo kilichomponyoka haikumtoka. Maneno yakaenea mji mzima, na mwezi mzima ukapita watu wakiyasema. Ikateremka Suratun Nur, kuanzia aya ya 11, ikawakemea Waumini kwa kuwa walilipokea jambo kwa ndimi zao na kulisema kwa vinywa vyao hali hawana ujuzi nalo, wakidhani ni jepesi, nalo kwa Mwenyezi Mungu ni kubwa.

Katika kisa hicho mna watu wawili ambao tunapenda mwazingatie sana, nao ni ndugu, mtu na dada yake. Wa kwanza ni Bibi Zainab bint Jahsh (R.A.), mke mwingine wa Mtume. Bibi Aisha mwenyewe ameeleza kwamba Zainab ndiye aliyekuwa akishindana naye katika daraja kwa Mtume. Kama kungekuwa na mtu wa kufaidika kwa kuanguka kwa Aisha, angekuwa ni yeye. Mtume alipomuuliza, alijibu kwamba analinda masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Wa pili ni dada yake, Hamna. Huyu hakuulizwa na mtu. Aliichukua kashfa akaieneza, akidhani anampigania dada yake, akaangamia pamoja na walioangamia.

Tazameni, ndugu zanguni! Mshindani mwenyewe alisalimika kwa ucha Mungu wake, na mpambe wake akaangamia. Ni mara ngapi tumeona hivyo katika uchaguzi? Wagombea wawili wanapeana mikono, wanakunywa chai pamoja, kesho wanaweza kuwa chama kimoja. Lakini wafuasi wao huku chini wamekwisha kutukanana wazazi, wamekwisha kususiana misiba, ukoo na ukoo haupeani maji. Mgombea hakumtuma mpambe wake aseme uongo, wala hatakuwapo kumtetea atakaposimama mbele ya Mwenyezi Mungu na daftari lake. Na mgombea anayejua kwamba anazuliwa mshindani wake, naye akanyamaza kwa kuwa uongo ule unamfaa, huyo hakuufuata mwendo wa Bibi Zainab.

Enyi Waumini,

Haya si mambo ya Madina peke yake. Watu wa Tarime hawajausahau mwaka 2008. Tarehe 28 Julai mwaka ule, mbunge wetu, Marehemu Chacha Wangwe, aliyechaguliwa mwaka 2005, alifariki katika ajali ya gari mkoani Dodoma. Kwa kuwa siku chache kabla yake palikuwa na mgogoro katika uongozi wa chama chake, habari ya msiba ilipofika huku ilikuwa imekwisha kubeba tuhuma juu yake. Magazeti yakaandika, redio zikasema, na kila kijiwe kikawa na hakimu wake. Mazishi yalicheleweshwa mpaka mwili uchunguzwe tena. Kisha ukaja uchaguzi mdogo wa tarehe 12 Oktoba, na kampeni zake zikaingiwa na mawe, hata kiongozi wa chama kimoja akapigwa jukwaani baada ya kuyataja mauti yale. Mtu aliyekufa hawezi kujibu, na mtu aliyetuhumiwa kwa damu bila ya hukumu hawezi kujitakasa mbele ya umati wenye mawe mkononi. Waliorusha mawe walidhani wanamtetea maiti wao. Nani aliyewafikisha hapo, ila ni maneno yaliyopokewa kwa ndimi kabla ya kupita akilini?

Ng'ambo ya Sirari, ndugu zetu wa Kenya waliyapata makubwa zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100, na wengine mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, ilizitaja redio za lugha za makabila miongoni mwa vilivyochochea chuki. Mtangazaji mmoja wa redio alishitakiwa mpaka The Hague, na mwezi Aprili 2016 majaji wakaikatisha kesi yake kwa upungufu wa ushahidi. Katika habari hiyo mna mafunzo mawili, na tusichukue moja tukaacha la pili: kwamba maneno ya redio yanaweza kufuatwa na damu, na kwamba kumshika mtu mmoja kwa damu hiyo kunataka ushahidi wala si ghadhabu.

Na katika mwaka 2018 ilidhihirika kwamba uchaguzi unaweza kuuzwa na kununuliwa hata na watu wa mbali. Televisheni moja ya Uingereza iliwarekodi kwa siri wakubwa wa kampuni iitwayo Cambridge Analytica, wakijisifu kwa kazi waliyoifanya katika kampeni za Kenya za mwaka 2013 na 2017. Kampuni hiyo ikafungwa mwaka ule ule. Mtu aliyeko ofisini London, asiyejua hata ladha ya ugali wa wimbi, alikuwa akifikiri ni hofu gani aitie moyoni mwa mkulima wa Afrika Mashariki ili apige kura apendavyo yeye.

Wala ukimya si dawa. Siku ya uchaguzi wetu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilikatwa nchini, na siku zilizofuata zilikuwa nzito, damu ikamwagika, na mwezi Novemba ikaundwa Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Lakini habari hazikusimama siku zile. Zilitoka katika simu zikahamia midomoni, na mdomo hauna tarehe wala mwandishi wa kumrudia. Mahali ambapo habari ya kweli imezuiwa, uvumi hauna mshindani. Basi wenye mamlaka wana wajibu wa kusema kweli mapema, kama raia walivyo na wajibu wa kuithibitisha. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika tuipeleleze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga tukabaki na majuto. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Hakusema anachokizua, bali anachokisikia.

Ndugu Waislamu,

Tuje sasa kwenye fadhila za baada ya uchaguzi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Humaid As-Saidy (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja aitwaye Ibnul Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaim. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari, akamhimidi Mwenyezi Mungu, kisha akauliza: kwa nini mtu huyu asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama angeletewa zawadi hiyo au asingeletewa?

Swali hilo fupi ndilo mizani yetu. Mtume hakumtafutia mashahidi wa kuthibitisha kwamba waliotoa walikuwa na nia mbaya. Alitazama sababu ya mali kuja. Kama isingelikuwa cheo, isingelikuja. Basi ni ya cheo, wala si ya mtu. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliielewa vyema mizani hii. Alipoletewa matunda akayakataa, aliambiwa kwamba Mtume alikuwa akipokea zawadi. Akajibu kwamba kwa Mtume ilikuwa zawadi, na kwa watawala wa baada yake imekuwa rushwa.

Tuipime mizani hiyo katika mambo yetu. Mwandishi anakwenda katika mkutano wa mgombea, anaondoka na bahasha. Ataambiwa ni nauli, ni chakula cha mchana. Ajiulize: kama ningekaa nyumbani kwa mama yangu bila ya kalamu hii, bahasha ingenifuata? Mwenye gazeti au stesheni amempa mgombea mmoja kurasa na saa nyingi, na mshindani wake akampa dakika za kumkejeli. Baada ya ushindi anapata matangazo ya Serikali na zabuni. Ajiulize swali hilo hilo. Na aliyeteuliwa katika cheo baada ya kuandika sifa, naye ana nyumba ya mama yake ya kukaa na kujiuliza.

Nchi yetu imeipitia mizani hii mahakamani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikakihalalisha kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Jina zuri, la Kiarabu, la heshima! Watetezi wa haki wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa maskini na tajiri hawawi sawa mbele ya sanduku la kura penye ukarimu wa namna hiyo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili fedha za kampeni zijulikane zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Jambo ambalo mahakimu walilifikia mwaka 2006, lilisemwa juu ya mimbari ya Madina miaka elfu moja na mia nne kabla yao.

Wala tusiwanyooshee kidole waandishi peke yao. Je, msikiti? Unapokaribia uchaguzi, mgombea ambaye hatujamwona miaka minne hukumbuka kwamba paa letu linavuja. Huja na mabati, au mabusati, au saruji, au spika za adhana, na hutaka apewe dakika mbili baada ya sala. Mizani ni ile ile. Kama uchaguzi usingekuwapo, mabati yangekuja? Mwenye ada ya kutoa sadaka mwaka hadi mwaka, asiyetaka kutajwa, apokewe na aombewe dua. Lakini zawadi iletwayo na kipaza sauti mkononi ni deni, na wenye kulilipa ni Waumini waliosali nyuma yetu, nao hawakukopa. Afadhali tusali chini ya mwembe tukiwa na ulimi huru, kuliko chini ya bati linalotuziba midomo miaka mitano. Na sisi tunaosema hapa, ambao sauti yetu inachukuliwa na redio, nasi ni chombo cha habari kama wengine. Hukumu hii inaanza na mimbari.

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, baada ya kuwaonya wenye kutoa na wenye kupokea, imebaki zamu ya wenye kutuhumu, na hao ndio wengi.

Si kila mwandishi aliyepewa cheo amelipwa. Nchini kwetu waandishi wa habari wamepata kuteuliwa kuwa wakuu wa wilaya na wasemaji wa ofisi kubwa, na miongoni mwa watu wa kalamu wako wenye elimu, wanaoijua nchi na wanaoweza kazi. Mtu hawi haramu kupewa kazi kwa sababu alikuwa na rai katika uchaguzi, na rai yake ikashinda. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi, na inakataza kupelelezana aibu na kusengenyana. Hivyo anayesimama kilabuni au kijiweni akasema Fulani amenunuliwa kwa kiasi kadha, na hakuona, wala hakusikia kwa aliyeona, ameila nyama ya ndugu yake, hata kama baadaye itatokea kwamba alibahatisha.

Lakini, ndugu zanguni, aya hii isigeuzwe pazia la wezi. Kukataza dhana si kukataza kuuliza. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamishe uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa. Mwenye ushahidi akaunyamazia amekhini, na asiye nao akatuhumu amedhulumu. Njia ya katikati ni kuuliza waziwazi, mbele ya wenye dhamana: zabuni hii ilitangazwa lini, waliomba wangapi, ilitolewa kwa vigezo gani? Fedha zinazotoka katika mgodi wa Nyamongo kwa ajili ya vijiji zimejenga nini, na nani aliyejenga? Maswali ya namna hii hayamvunjii mtu heshima. Aliye safi atafurahi kuulizwa.

Na aliyepewa cheo naye ana wajibu wa kujiondoa mahali pa tuhuma. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu mwishoni mwa Ramadhani, na mkewe Bibi Safiyya (R.A.) akaja kumzuru usiku. Akatoka kumsindikiza. Wakapita Ansari wawili, wakaharakisha mwendo. Mtume akawaambia wasiharakishe, huyu ni Safiyya bint Huyay. Wakashangaa, nani angemdhania Mtume ubaya? Akawaeleza kwamba shetani hupita mwilini mwa mwanadamu kama ipitavyo damu, naye alichelea asije akawatia jambo mioyoni mwao. Ikiwa mbora wa viumbe alieleza jambo lake bila ya kuulizwa, kwa ajili ya kuzisalimisha nyoyo za watu wawili gizani, itakuwaje kwa diwani, kwa mbunge, kwa mkuu wa wilaya, kwa mwenye stesheni ya redio? Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka viongozi kutoa tamko la mali zao. Anayelitoa kwa ukweli anaihurumia nafsi yake kwanza, kisha anawahurumia watu wasiingie katika dhambi ya kumdhania.

Basi nasaha zetu ni hizi. Wewe unayepata habari katika simu, kabla hujaisukuma mbele jiulize nani aliyeisema, ameijuaje, na nani atakayedhurika ikiwa ni uongo. Ukikosa jibu, iache ifie kwako. Mauti ya uvumi mikononi mwako ni sadaka.

Wewe mpiga kura, kumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) amewataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule anayempa kiongozi ahadi ya utii kwa ajili ya dunia tu: akipewa anachotaka anatimiza, asipopewa anavunja. Usiipige kura yako kama unayekopesha, kisha ukakaa kibarazani kungoja kulipwa. Kura ni ushahidi, na ushahidi hauna bei. Wala usiipige kwa kuwa mgombea ni wa ukoo wako, ukawaacha wanaofaa kwa kuwa wamezaliwa ng'ambo ya mto.

Wewe mwandishi na mtangazaji, uliye Mwislamu na usiye Mwislamu, riziki yako haikuandikwa ndani ya bahasha. Mpe mshindani wa unayempenda nafasi ile ile unayompa umpendaye. Ukiwa na rai, itoe kwa jina la rai, usiivike kanzu ya habari.

Na wewe uliyeshindwa au uliyeshinda, rejea kwa jirani yako. Katika kisa kile cha uzushi, mmoja wa walioeneza maneno alikuwa Mistah, jamaa wa Abubakari (R.A.) ambaye Abubakari alikuwa akimlisha kwa umaskini wake. Abubakari aliapa hatamsaidia tena. Nani angemlaumu? Mtu amemkashifu binti yake! Ikateremka aya ya 22 ya Suratun Nur ikiwataka wenye fadhila wasiape kuwanyima jamaa na maskini, bali wasamehe, kama wanavyopenda Mwenyezi Mungu awasamehe wao. Abubakari akamrudishia Mistah msaada wake, akaapa kutoukata kamwe. Hiyo ndiyo fadhila ya baada ya fitina, ndugu zanguni: aliyedhulumiwa anamlisha aliyemdhulumu, na hamwombi kitu. Kama kuna mtu hapa Turwa ambaye hujamwamkua tangu siku ya kura, awe Mwislamu au Mkristo, wa chama chako au cha wengine, basi mtangulie kwa salamu kabla jua la leo halijachwa.

Ee Mwenyezi Mungu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na utujaalie kuiepuka. Ee Mola wetu, zilinde ndimi zetu na uzushi, macho yetu na khiyana, na matumbo yetu na haramu. Wape viongozi wetu uadilifu na washauri wasemao kweli, na uwaepushe na wasifuo kwa ujira. Warehemu waliokufa katika siku za fitina, uwafariji yatima na wajane wao, na uidhihirishe haki yao. Ijaalie nchi yetu amani yenye haki ndani yake, na uwape watu wa Tarime na Serengeti, koo zote, kupendana na kusikilizana. Ee Mola, wasamehe Waislamu wanaume na wanawake, walio hai na waliokufa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anakuamrisheni, katika aya ya 90 ya Suratun Nahl, uadilifu, na hisani, na kuwapa jamaa, na anakukatazeni uchafu, uovu na dhuluma. Mkumbukeni atakukumbukeni, na mshukuruni atakuzidishieni.

Simamisheni sala.